Nauli ya Watu Wawili

Siku ya tatu baharini, wakati wenzake mezani wakibishana juu ya kahawa, Miwani alikuwa bado anatafuta macho ya mtu mmoja.

Jina hilo la Miwani alipewa na wateja. Alikuwa mpima macho, mwenye duka dogo la kiti kimoja kirefu na ubao wa herufi ukutani, na kazi yake ilimfanya ayaangalie macho ya watu kwa karibu kuliko hata wake zao. Sura ya mtu iliweza kumtoka, jina likampotelea mbali, lakini macho hakuyasahau. Na haya aliyokuwa akiyasaka humu melini yalikuwa na alama. Jicho la kushoto lilikuwa na doa dogo la rangi ya chai, kando ya mboni, ambalo mtu mwingine angeweza kuishi na mwenye nalo miaka kumi asilione. Yeye aliliona jioni ya kwanza walipokutana, mwaka jana.

"Wifi, huli," alisema mama aliyekaa kando yake.

"Nakula."

"Unakula kwa macho. Mayai yamepoa, na humu wakishakuondolea sahani hawarudishi."

Huyo alikuwa dada wa marehemu mume wake. Waliitana wifi, huyu kwa huyu, kwa muda mrefu kiasi kwamba majina yao halisi yalibaki kuwa ya benki na hospitali tu. Alikuwa mama mpana, umri umekwenda, magoti mabovu na ulimi mzima. Tangu wapande meli hii hakuwa amemaliza kutwa bila kugundua kitu kilichopunguzwa, na kila akigundua alifurahi kama aliyeshinda kesi.

Vilivyopunguzwa vilikuwa vingi kweli. Wenye meli walishusha nauli mwaka huu, na ilipokuwa inashuka ikashuka na mengine. Kila kitanda kilikuwa na mto mmoja badala ya miwili. Vyumba vilifagiliwa asubuhi tu. Kahawa ya bure iliishia kwenye kifungua kinywa. Lifti ya nyuma ilifungwa, na ukumbi mkubwa wa chakula wa huko nyuma nao ukafungwa, abiria wote wakapandishwa kwenye ukumbi wa juu, kila mtu na sinia lake, akae atakapopata.

"Mimi nasema tumeibiwa kwa adabu," alisema mwalimu mstaafu aliyekaa mbele yao na mkewe. "Nauli ni nusu, sawa. Lakini weka na treni. Weka na basi la kutoka stesheni mpaka gatini. Weka na ile nyumba ya wageni tuliyolala, kwa sababu siku hizi meli inang'oa nanga alfajiri. Hiyo nusu iko wapi?"

"Iko hapa," alijibu mkewe huku akipaka mkate siagi. "Kwa nauli ya zamani tungekuwa nyumbani, tunaitazama bahari kwenye kalenda."

"Na kahawa?"

"Kahawa utakunywa ukirudi."

"Mimi kwenye nauli sina la kusema," wifi alidakia, maana yake ni kwamba sasa ndiyo anaanza. "Mimi ni wa kujazia. Punguzo ni la watu wawili chumba kimoja. Ukija peke yako unalipia na kitanda kitupu. Basi wifi yangu akaniambia, njoo ulale kwenye hicho kitanda. Nikaja. Na mto ni mmoja."

Meza nzima ikacheka. Miwani naye alicheka, ila maneno yalimchoma, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Alikuwa amemwomba rafiki yake, akakosa likizo. Akamwomba binamu, akaogopa maji. Punguzo lilitaka mtu wa pili, na mtu wa pili aliyepatikana duniani kote akawa yule yule ambaye hakupaswa kujua safari hii ni ya nini.

Ilikuwa safari ya kujibu swali.

Mwaka jana alipanda meli hii pamoja na wenye maduka wa mtaani kwao. Wakati ule kila abiria alipangiwa meza, jioni zote meza hiyo hiyo, na yeye aliangukia ya pembeni kabisa, dirishani, nyuma ya nguzo, pamoja na mwanamume asiyemjua. Alikuwa fundi lifti, naye amefiwa na mkewe, mtu wa maneno machache ambaye hakuweza kupita mbele ya mlango wa lifti bila kusimama kuisikiliza. "Lifti ikiugua inasema," alimwambia. "Sisi ndio tuna haraka." Akamchekesha. Kwa jinsi Miwani alivyokuwa hajacheka siku nyingi, usiku ule mbavu zilimuuma. Jioni ya mwisho Fundi alimwomba namba ya simu, naye akamnyima.

"Nikiwa na namba yako nitakupigia," alimweleza. "Na nikikupigia nitakuwa nimeshaamua. Mimi hata nguo za mume wangu bado ziko kabatini."

Fundi alikunja kitambaa cha mezani, akakikunjua, akakikunja tena. "Basi mwakani," alisema. "Tarehe kama hizi, meli hii, meza hii. Aliyeamua atakuja. Atakayekuta kiti kitupu atakuwa amejibiwa, na hakuna wa kumdai mwenzake maelezo."

Lilikuwa wazo zuri sana, la watu wawili waliodhani kwamba meza haiwezi kufungiwa.

Jioni ya kwanza ya safari hii Miwani aliteremka kule nyuma, amejitia manukato, akakuta milango mikubwa ya ukumbi imepigwa mnyororo na kufuli. Alisimama pale kama mtu aliyesahau alichotumwa. Jioni ya pili alirudi, hata yeye hakujua kwa nini, na hapo ndipo alipoona kitu kilichomnyima usingizi. Chini ya mlango palikuwa na mstari mwembamba wa mwanga. Aliinama, akatazama. Akagonga kwa kidole, mlio ukamezwa na ngurumo ya injini. Akaenda kumuuliza msimamizi wa wahudumu, bwana mmoja mwembamba mwenye tai, ambaye kazi yake ilikuwa kukaa kwenye korido ya jikoni na kuzuia watu.

"Humo hamna mtu, mama," bwana yule alimjibu bila kuinua uso. "Pamefungwa tangu msimu uanze."

Lakini mwanga haukumtoka kichwani. Nani anawasha taa kwenye ukumbi uliofungwa, katika meli inayobania watu hata mito?

Kesho asubuhi wangefika bandarini na safari ingeisha. Alikuwa amekwisha kupita sitaha zote, amesimama kwenye foleni za masinia, ameangalia macho ya mamia ya abiria mpaka baadhi ya wanaume wakaanza kumtabasamia bure. Fundi hakuwemo. Alijikaza kisabuni, akamalizia mayai yake ya baridi, akainuka.

"Tushuke kwa lifti," alisema wifi. "Ngazi zile zitanizika."

Waliingia wanne kwenye lifti ya kati, wao wawili na mwalimu na mkewe. Mlango ukajifunga. Lifti ikashuka kidogo, ikakohoa, ikatetemeka, ikasimama. Taa zilififia, kisha zikarudi.

"Na hii nayo wameipunguza," alisema wifi.

Mwalimu alibonyeza kila kilichobonyezeka. Mkewe akambandua kwa upole, akabonyeza kengele mara moja, akaikumbatia pochi yake kifuani kama anayesubiri zamu kliniki. Wifi aliegemea ukuta, mkono mmoja gotini. Miwani alimshika kiwiko, akamsogeza pembeni apate pa kujishikiza.

"Uzuri ni kwamba hatuna haraka," alisema mke wa mwalimu.

"Uzuri ni kwamba hili nalo nitaliandika," alijibu mumewe.

Ndipo juu yao vyuma vikalia. Mlango wa ghorofa ya juu ukafunguliwa kwa nguvu, halafu na wa lifti ukasogezwa, pakabaki upenyo wa kadiri ya shubiri mbili kati ya dari yao na sakafu ya huko nje. Mtu alikuwa amelala kifudifudi pale juu, na mwanga wa tochi ukawaingilia.

"Tulieni humo ndani," ilisema sauti. "Hakuna hatari. Msiguse mlango. Mko wangapi?"

Sauti hiyo Miwani aliisikia mgongoni kabla haijafika masikioni.

"Wanne," alijibu mwalimu. "Na tulikata tiketi ya kufika chini."

"Mtafika, mzee. Kuna asiyejisikia vizuri?"

Tochi ilipita uso baada ya uso. Ilipita kwa mwalimu, ikapita kwa mkewe, ikapita kwa wifi aliyekunja uso, ikafika kwa Miwani. Hapo ikakwama. Ilikaa pale kwa muda usio wa kazi.

"Zima hiyo tochi," alisema Miwani. "Nataka kuliona jicho la kushoto."

Tochi ikazimwa. Sura ilikuwa imekonda kidogo, na mashavuni pana alama ya grisi, lakini doa la chai lilikuwa mahali pake.

"Umekuja," alisema Fundi.

"Nilikuja tangu siku ya kwanza."

"Siku ya kwanza? Mbona hukufika mezani?"

"Na wewe mbona hukuonekana popote? Nimeangalia watu mpaka nikaonekana mwehu."

"Mimi nilikuwa pale," alisema Fundi polepole. "Kila jioni. Nikitoka kazini naoga, nabadili shati, nawasha ile taa ya kwenye nguzo, nakaa. Nikasema, kama ameamua, anaijua meza. Jana nimekaa mpaka nikaona nimeshajibiwa."

Kumbe mwanga ulikuwa wake. Miwani alijinyanyua kwa ncha za vidole. "Fundi, ule mlango una mnyororo."

"Mnyororo gani?"

"Milango mikubwa. Mnyororo na kufuli. Nimegonga jana, kwa mkono huu."

Ilionekana kabisa kwamba mtu anaipitia njia yake kichwani, hatua kwa hatua, na anaona pale alipokosea.

"Mimi huingilia jikoni," alisema hatimaye. "Huko mbele sijapita hata siku moja. Sisi wafanyakazi haturuhusiwi kupita mbele."

Mke wa mwalimu aliziba mdomo kwa pochi.

"Wafanyakazi?" aliuliza Miwani. Sasa ndipo alipoiona ovaroli, na nembo ya meli kifuani. "Umeajiriwa humu?"

"Nilikwenda kukata tiketi kama mtu mwingine. Wakaniambia punguzo ni la watu wawili. Aliye peke yake alipie na kitanda kitupu, na hicho kitanda kilikuwa kinanishinda. Nikawauliza kama wana kazi. Kumbe walishapunguza mafundi. Wakanichukua mimi nifanye ya watatu."

"Ndiyo maana inakwama," alisema wifi. Yalikuwa maneno yake ya kwanza tangu tochi izimwe.

"Ndiyo maana, mama. Nimewaambia hii inaugua, wakasema tufike bandarini kwanza."

Wifi alijitoa ukutani, akasogea mpaka chini ya upenyo, akamwinulia uso. Alimkagua kama anavyokagua shuka. "Na wewe kwa huyu ni nani?"

Fundi hakutafuta maneno. "Bado sijui, mama. Ndicho nilichokuja kumuuliza."

"Samahani sana, fundi," alisema mwalimu. "Lifti inashuka, au tunasubiri posa kwanza?"

Mkewe alimfinya. Lakini Fundi alikuwa amekwisha kukumbuka kazi yake. Akasema ataishusha kwa mkono kutoka kule juu kwenye mashine, polepole, na ikitikisika wasiogope. Kabla hajaondoka macho yake yalirudi kwa Miwani.

"Leo ni jioni ya mwisho," alisema. "Kesho wafanyakazi hatutoki mpaka abiria wote washuke, halafu meli inageuza. Mimi nitakuwa pale pale."

Akatoweka. Dakika kadhaa baadaye lifti ilianza kushuka kidogo kidogo, kwa mkono wa mtu, na Miwani alisimama katikati yake akiwa hajui aangalie wapi, kwa sababu watu watatu walikuwa wanamwangalia yeye.

Chumbani wifi aliketi kwenye kitanda chake, akavua viatu, akavipanga. Alivipanga mara mbili. Miwani alisimama kwenye kidirisha, amempa kisogo, akisubiri.

"Kwa hiyo ndiye huyo," alisema wifi.

"Ndiye nani?"

"Usinifanye mtoto. Mwaka jana ulitoka safari na uso mwingine. Ukawa unacheka na wateja. Nikajiuliza, kulikoni? Halafu mwaka huu mtu mwenye duka, asiye na muda hata wa kuumwa, anataka tena meli ile ile, na mimi anibebe. Ulidhani nilikuja kwa ajili ya bahari? Mimi na bahari wapi na wapi."

Miwani aligeuka, mdomo wazi. "Ulijua?"

"Nilitaka kumwona. Siku tatu nakuangalia unaangalia watu. Nikasema labda ni yule wa kofia. Nikasema labda ni nahodha, Mungu apishe mbali. Kumbe ni mtu wa ovaroli, analala chini kwenye kapeti." Alifuta goti lake kwa kiganja. "Kaka yangu hakuwahi kulala chini kwa ajili ya mtu. Alikuwa mwema, lakini alikuwa na nguo zake nzuri."

"Wifi, mimi sijamsahau kaka yako."

"Sijasema umemsahau."

"Sasa unasema nini? Kama hutaki, niambie hutaki. Nimechoka kujificha, umri huu."

Wifi alipojibu, ulimi wake ule mzima ulikuwa umekatika katikati. "Kwetu tulizaliwa wawili tu. Yeye akaenda. Mimi watoto sikujaliwa, mume unamjua alivyoondoka. Duniani kote aliyebaki wa kuniita kwa jina la undugu ni wewe. Ukiolewa utapata mawifi wengine, wenye magoti mazima. Mimi nitabaki wifi wa nani?"

Ilimpiga Miwani mahali ambapo hakuwa amejilinda. Alijiandaa kwa miezi mingi kujibu juu ya heshima, juu ya watu watasema nini, juu ya marehemu. Hili hakulifikiria hata mara moja, na aliona aibu kwamba hakulifikiria. Alikuja akapiga magoti kapetini mbele ya kitanda, akaishika ile miguu iliyovimba.

"Nani alilala sakafuni kwangu mwezi mzima baada ya msiba, ili nisilale peke yangu?" aliuliza. "Kitanda kilikuwepo, ukasema mgongo wako unapenda chini. Nani anakuja kila Jumapili na sufuria lake kama kwangu hakuna masufuria? Hayo kaka yako hakuniachia kwenye wosia. Ulinipa wewe. Sikuyapata kwa kuolewa, na sitayapoteza kwa kuolewa."

"Utasema hivyo leo."

"Nitasema hata kwake. Asipokutaka wewe, na mimi hanitaki."

Wifi, macho yamejaa, akamsukuma begani kwa kidole. "Inuka, utanichafulia kapeti. Wanalifagia mara moja tu." Akapenga kamasi, akakunja leso. Halafu, kwa sauti ya mtu anayeulizia hali ya hewa: "Pale kwenye korido ya jikoni anakaa nani?"

"Msimamizi wa wahudumu. Yule mwembamba. Hapitishi mtu."

"Ndiye anayepokea malalamiko?"

"Nadhani."

"Vizuri," alisema wifi, akaanza kutafuta kilemba chake kizuri. "Mimi nina malalamiko. Na usidhani nimekubali. Naenda kulalamika tu."

Jua lilipozama, abiria wakiwa wamepanda na masinia yao, wifi aliteremka ngazi za nyuma moja moja, akiitaja kila ngazi kwa jina baya, mpaka kwenye korido ya jikoni. Msimamizi alikuwa kwenye kiti chake, kando ya mlango wenye mabawa mawili. Miwani alibaki kwenye kona, na kutoka pale aliona kitu ambacho hatakisahau: wifi yake akikaa bila kukaribishwa kwenye kiti cha pili, akakivuta mpaka mgongo wake mpana ukaziba njia yote ya macho ya yule bwana.

"Baba, tuanze na mto," alisema wifi.

"Mama, dawati la malalamiko liko—"

"Nimepanda ngazi na kushuka ngazi kwa magoti haya kukufuata wewe, kwa sababu nimeambiwa wewe ndiye mwenye akili. Nimeambiwa uongo? Kwenye tangazo lenu kitanda kina mito miwili. Mimi nimepewa mmoja. Wa pili ameulalia nani?"

Bwana alifungua mdomo kujibu, na hapo akawa amekwisha. Miwani alipita nyuma ya mgongo ule, taratibu, amevua viatu amevishika mkononi. Alisukuma bawa la mlango, akapita katikati ya majiko baridi na masufuria yaliyofunikwa, wapishi wawili wakamtazama wakarudi kwenye viazi vyao, akauona mlango mdogo wa upande wa pili. Ulikuwa haujafungwa.

Ukumbi ulikuwa mkubwa kuliko alivyoukumbuka. Viti vyote vilipinduliwa juu ya meza, miguu juu, na kiza kimetanda kati yake. Mwisho kabisa, nyuma ya nguzo, iliwaka taa moja, na meza moja ilikuwa imeshushiwa viti viwili. Fundi alisimama. Alikuwa na shati jeupe lenye mistari ya kukunjwa, na mikono yake ilisuguliwa mpaka ikawa myekundu, ila grisi ilibaki kwenye kucha. Miwani aliipenda ile grisi papo hapo, na hakujizuia kuipenda.

"Huku ndiko wewe unakopita," alisema.

"Huku ndiko." Fundi alitabasamu, halafu tabasamu likamshinda. "Nimeshusha lifti nyingi katika maisha yangu. Ile ya leo niliogopa."

"Mimi nilikuwa humo, sikuogopa."

Walisimama hivyo, meza katikati, wakiangaliana kwa uchu wa mwaka mzima. Kutoka mbali, nyuma ya majiko, sauti iliwafikia, imara, isiyo na dalili ya kuchoka. "... na hiyo kahawa, baba. Nani alikaa kikao akaamua kwamba saa nne kahawa inakuwa ya kulipia?"

Fundi alitega sikio. "Ni yule mama?"

"Ndiye. Ni wifi yangu." Miwani alivuta pumzi. Alijua kwamba sentensi inayofuata inaweza kumgharimu kila alichokifuata huku, na kwamba lazima aitamke kabla ya tamu yoyote. "Nisikilize kabla hujauliza swali lako. Nina jibu, nilipanda nalo melini. Lakini mimi siji peke yangu. Yule mama hana mtu mwingine. Jumapili zangu ni zake. Akiugua atakuja kwangu, na akizeeka zaidi ya hapo atahamia kwangu, na atalalamika kila siku ya Mungu. Ukinichukua mimi umemchukua na yeye. Kama hilo ni zito, niambie sasa, nitaondoka na hakuna wa kumdai mwenzake maelezo."

Fundi alimtazama. Aligeuka akaenda kwenye meza ya jirani, akashusha kiti, akakileta, akakiweka mezani pao, kikawa cha tatu. Akakitingisha, akakunja uso. Akakirudisha. Kisha akatembea mpaka upande wa pili wa ukumbi, kwenye meza iliyokuwa ya nahodha enzi za nauli kubwa, na kutoka huko akaja amebeba kwa mikono miwili kiti kizito chenye mikono na mto mnene wa kukalia.

Akakiweka upande wa ukuta, pasipo na upepo, akaupigapiga ule mto utoe vumbi.

"Kile kilikuwa kifupi," alisema. "Ana magoti yule. Nilimwona kwenye lifti, namna alivyokuwa amejishika."

Miwani alikaa. Machozi yalimtoka na akayaacha yatoke. "Sasa uliza," alisema, "upesi, kabla hajamaliza."

Kule koridoni wifi ndiyo kwanza alikuwa amefika kwenye malalamiko ya lifti.